Faranga za Magara: Zikipotea Njiani, Hasara ni ya Nani?



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu Mtukufu, Mola wa viumbe vyote, aliyetuhalalishia biashara na akatuharamishia riba. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba wake wote. Ama baad.

Kaka na dada zangu katika imani, katika toleo hili nimeombwa kuandika juu ya mali na mwanafunzi. Mada hiyo ni pana, nami sitaki kurudia yale tuliyoyasikia tangu madrasa juu ya israfu na zaka. Nataka kuzungumzia pesa moja tu: ile inayotoka nyumbani kuja kwako, hasa kwa sisi ambao nyumbani kwetu ni nchi nyingine. Inatoka mkononi mwa mzazi ikiwa faranga, inaingia kwenye akaunti yako ikiwa shilingi, na katikati inapita mikono ya watu ambao wengine huwajui hata kwa majina. Katika kila hatua ya safari hiyo, pesa ikipotea au ikishuka thamani, hasara ni ya nani?

Hilo ndilo swali ambalo mafakihi huanza nalo wakiletewa jambo la mali. Mtu wa mtaani huuliza atapata kiasi gani. Fakihi huuliza dhamana iko kwa nani, na akishalijua hilo ndipo anaweza kusema faida ni ya nani.

Mimi ni mtu wa Magara, mji mdogo wa ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kati ya Bujumbura na Rumonge. Kwetu pesa inatoka majini na kwenye michikichi. Wanaume wanavua ndagala usiku kwa taa, wanawake wananunua alfajiri, wanaanika, wanauza. Anayejua uvuvi wa taa anajua kwamba mbalamwezi haimpendi mvuvi: anga likiwa na mwanga, dagaa hawaikusanyikii taa. Kwa hiyo pesa ya kwetu inafuata mwezi mwandamo. Tarehe 13, 14 na 15, zile siku nyeupe tunazohimizwa kufunga, nyumbani hakuna wa kutuma kitu, na wanafunzi wa ziwani hapa Morogoro huwa wepesi sana wa kufunga siku hizo. Nia zao Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi.

Mwenzetu wa Tanga au wa Lindi pesa yake inafika kwa ujumbe mmoja wa simu. Mama anakwenda kwa wakala, anatuma na ya kutolea, basi. Faranga ya Burundi haivuki mpaka kwa wepesi namna hiyo. Fedha za kigeni ni adimu kwetu, na benki itadai barua ya udahili, ankara ya ada na nakala ya pasipoti kabla ya kuanza kukusikiliza. Mwaka 2020 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilifuta leseni za ofisi za kubadilisha fedha. Mei 2023 bei rasmi ya dola moja ilipandishwa kutoka karibu faranga 2,100 hadi zaidi ya 2,800 kwa siku moja. Bei ya mtaani ilikuwa juu ya hapo, na imeendelea kukimbia hadi kuvuka mara mbili ya bei rasmi. Mzazi mwenye faranga laki sita mfukoni hajui kwa hakika ana kiasi gani. Anajua alizo nazo leo. Za Ijumaa ijayo hazijui.

Kwa sababu hiyo watu wa kwetu wamejitafutia njia. Wapo wanaopitia benki na kuvumilia. Wapo wanaompa msafiri anayevuka Mugina kuingia Manyovu, ashuke Kigoma, apande treni. Wapo wanaotumia akaunti ya mwanafunzi mwenzao aliyetangulia. Na wapo, nao ndio wengi, wanaobadilishana kifamilia: mama yako anampa baba yangu faranga kule Magara, mimi nakupa shilingi hapa Morogoro, na hakuna noti iliyovuka ziwa. Kila njia ina jibu lake kwa swali letu, na majibu hayafanani.

Njia ya msafiri ndiyo nyepesi kuielewa. Aliyepewa pesa aibebe ni mwenye kushika amana. Ikiibiwa ndani ya treni bila uzembe wake, hailipi. Hasara ni ya mwenye pesa. Akiitumia njiani hata kwa nia ya kuirudisha, au akiiweka mahali ambapo mtu mwenye akili hawezi kuweka pesa yake mwenyewe, basi dhamana imemhamia. Suratun-Nisaa, aya ya 58, inatuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe, na wanazuoni wamefahamu kwamba unairudisha ile ile uliyopewa, kwa yule yule uliyeambiwa. Waambieni wazazi hukumu hii mapema. Wazazi wengi wanadhani msafiri akiibiwa atalipa, na msafiri anadhani hatalipa, na kila mmoja anaijua fikra yake peke yake mpaka siku ya msiba.

Kwa waliotaka dhamana iwe wazi, tazameni nyumba ya Zubayr bin Awwam (r.a.). Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba watu walikuwa wakimletea mali awawekee amana, naye akikataa kuipokea kwa jina hilo. Alikuwa akiwaambia waihesabu kuwa ni mkopo, kwa kuwa anachelea isije ikapotea. Jamani, hebu tulitafakari hilo. Amana ikipotea, Zubayr hana la kulipa. Mkopo ukipotea, deni linabaki shingoni mwake. Alichagua uzito. Na kwa kuwa ulikuwa mkopo, aliweza kuufanyia kazi, kwani mwenye kubeba hasara ndiye mwenye haki ya faida. Alipouawa siku ya vita vya Jamal, mwaka 36 Hijria, deni lake lilikuwa 2,200,000. Mwanawe Abdullah aliuza mali ya baba, akalipa, kisha hakugawa urithi mpaka alipotangaza kwa misimu minne ya hija kwamba mwenye kumdai Zubayr ajitokeze. Miaka minne warithi wanasubiri! Sisi tunashindwa kusubiri wiki moja kabla ya kusema "nadhani nimemaliza madeni yote".

Huyo huyo Abdullah bin Zubayr ndiye aliyepokewa kwamba akiwa Makka alikuwa akichukua dirhamu kwa watu, akiwaandikia barua kwa ndugu yake Mus'ab aliyekuwa Iraq, nao wakifika huko wakipokea fedha yao. Ibn Abbas (r.a.) alipoulizwa, hakuona ubaya. Muamala huo vitabu vya fiqhi vinauita suftaja. Wanazuoni hawakukubaliana juu yake: Mashafii, ambao ndio wengi wetu Afrika Mashariki, waliukataza ukiwekwa kuwa sharti la mkopo, kwa kuwa mkopeshaji ananufaika na usalama wa njia, wengine, miongoni mwao Ibn Qudama na Ibn Taymiyya wa madhehebu ya Hanbali, waliuruhusu kwa kuwa pande zote mbili zinanufaika na hakuna anayedhulumiwa. Ziwa letu limeijua njia hii zamani. Neno "hundi" lililetwa na wafanyabiashara wa Kihindi, nao ndio walioipa mitaji misafara iliyokuja mpaka Ujiji. Taria Topan wa Unguja alimpa mtaji Tippu Tip. Misafara ile ilibeba pembe na ilibeba watu, kwa hiyo siitaji kwa fahari. Ninachotaka muone ni kwamba kutuma mali bila kubeba mali kumeanza kabla ya simu.

Sasa njia ya akaunti ya mwenzako. Kufungua akaunti hapa mgeni anahitaji pasipoti, kibali cha ukaazi na barua ya chuo, na kibali kinaweza kukawia. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anamwendea kaka yake wa mwaka wa tatu: pesa yangu ipitie kwako. Kaka anakubali, na kheri yake ipo. Pesa za wanne au watano zinakaa kwenye akaunti moja kwa wiki mbili mpaka kila mmoja aitwe kulipa ada. Kaka anaona milioni mbili imelala. Kariakoo simu zinauzwa kwa jumla, na kwa wiki mbili milioni mbili inaweza kuzaa. Anakwenda, ananunua, anauza, anairudisha kamili, na mwenye pesa hajui kitu.

Kisa chake kimo katika Muwatta ya Imamu Malik. Abdullah na Ubaydullah, watoto wa Umar bin Khattab (r.a.), walikuwa wakirudi kutoka jeshini Iraq. Wakapita kwa Abu Musa al-Ash'ari aliyekuwa gavana wa Basra. Akawaambia kuna mali ya umma anayotaka kuipeleka kwa Amirul-Muuminina. Awakopeshe wanunue bidhaa za Iraq, wakauze Madina, wampe Umar rasilimali, faida wachukue wao. Wakafanya hivyo wakapata faida. Umar alipojua aliwauliza kama jeshi zima lilikopeshwa namna hiyo. Wakasema hapana. Akawaamrisha watoe mali na faida yake. Abdullah alinyamaza. Ubaydullah alijibu kwa hoja ya kifakihi kabisa: mali ile ingepungua au kuangamia, sisi ndio tungelipa. Mmoja wa waliokuwepo akashauri ihesabiwe kuwa ni mudharaba, ndipo Umar akachukua rasilimali na nusu ya faida, na wao wakabaki na nusu.

Ona: watoto wa Umar walikuwa na hoja ya dhamana, walikuwa na idhini ya gavana, na bado Umar hakuridhika kwa kuwa walipendelewa. Kaka yetu wa mwaka wa tatu hana idhini ya mtu. Wala dhamana hana, kwa sababu simu zikiibiwa dukani atawaambia wadogo zake kwamba "mtandao unasumbua". Anayetaka kufanya biashara kwa pesa iliyopita kwenye akaunti yake aseme kwa mwenyewe kabla: nikopeshe, ni deni langu, nitakulipa tarehe fulani hata zikiungua. Au afanye naye mudharaba ulio wazi. Akikosa kuthubutu kusema hivyo, aiache ilale.

Nimefika kwenye njia ya nne, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Kubadilishana kifamilia ni kubadilishana fedha, na mlango wake ni sarf. Hadithi ya Ubada bin Samit (r.a.) katika Sahihi Muslim tumeihifadhi sote: dhahabu kwa dhahabu, fedha kwa fedha, na vile vinne vya chakula, viwe sawa kwa sawa na mkono kwa mkono, jinsi zikitofautiana, uzeni mtakavyo maadamu ni mkono kwa mkono. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa, iliyo chini ya OIC, ilipokutana Amman mwaka 1986 ilipitisha kwamba noti ni fedha kamili zenye hukumu za dhahabu na fedha katika riba na zaka. Faranga na shilingi ni jinsi mbili. Bei mnapatana mpendavyo. Kuchelewesha upande mmoja hakuna ruhusa.

Wengi hulisoma sharti hili kama usumbufu wa vitabu. Mimi nililielewa mwaka jana, nilipoona linavyokuwa likivunjwa.

Mama mmoja wa Magara, muuza ndagala, alimpa mzee mmoja jirani faranga 600,000. Mzee alizihitaji kwa mashine ya mtumbwi. Mwanawe, anayesoma hapa na kuuza vifaa vya simu, angempa mtoto wa yule mama shilingi "mwisho wa mwezi". Bei waliyoisikia siku ile ilikuwa ya mtaani, nayo ilifanya faranga hizo kuwa shilingi 240,000. Mwisho wa mwezi ukapita. Ukapita na wa pili. Kijana wa ada akaingia mtihani kwa kukopa kwa watu watatu. Shilingi zilipopatikana, faranga zilikuwa zimeshuka, na kwa bei ya siku hiyo 600,000 zilikuwa 200,000. Mwenye kutoa akasema natoa kwa bei ya leo. Mwenye kupokea akasema nataka ya siku mama alipotoa. Kule Magara wazee wawili wanaosali safu moja wakaacha kusalimiana.

Waliniita kwa kuwa mimi ni mtu wa kwao na nasoma dini. Nikamwomba imamu wetu awepo, maana mwanafunzi wa shahada ya kwanza si mufti. Tukakaa baada ya Isha. Imamu aliwasikiliza wote, akauliza jambo moja: siku mama alipotoa faranga, shilingi zilitoka? Hazikutoka. Akasema basi hakuna bei ya siku ile wala bei ya leo, kwa kuwa mkataba wenyewe haukusihi. Kila mtu arudishiwe alichotoa. Mama alitoa faranga 600,000, arudishiwe faranga 600,000.

Kijana wa ada alisimama. Akasema, "Shekhe, kwa hiyo sheria inamlinda aliyechelewesha?" Lilikuwa swali la haki, na sikupenda namna watu wengine mle ndani walivyomwangalia kana kwamba amekufuru. Ni kweli kwamba deni hulipwa kwa mfano wake. Majmaa ilithibitisha hilo Kuwait mwaka 1988, kwamba madeni hayafungwi kwenye kiwango cha bei. Na ni kweli kwamba kwa hukumu hiyo aliyeumia ni mama. Imamu hakulikwepa. Alisema sheria ingemlinda mama siku ya kwanza, kwa lile neno "mkono kwa mkono". Walilivunja wote wawili kwa kuaminiana, na sasa wanaitaka ile ile kinga waliyoiweka kando. Kisha akamgeukia wa pili, akamkumbusha kwamba Mtume (s.a.w.) ameuita ucheleweshaji wa mwenye uwezo kuwa ni dhulma, na kwamba mtaji wa vifaa vya simu ni uwezo. Akamsimulia ile hadithi ya Abu Rafi', jinsi Mtume alivyokopa ngamia mchanga, akaamrisha kulipa ngamia aliye bora zaidi, akasema watu bora ni wanaolipa vizuri zaidi. Hapo imamu akainuka kwenda kutawadha. Baadaye aliniambia aliondoka makusudi, isije ikasemwa kwamba ameweka nyongeza, kwa maana nyongeza ikishakuwa sharti ni riba.

Siku ya nne mzee wa Magara alipeleka faranga 600,000 kwa yule mama, na pamoja nazo dumu la lita 20 la mawese. Halikufidia pengo lote. Mama alipiga simu kuuliza kama lile dumu si riba, na hakuligusa mpaka alipojibiwa kwamba si riba, kwa kuwa hakulitaka wala hawakulipatana. Nimefanya mitihani mingi ya fiqhil-muamalat. Sikumbuki swali lililoulizwa kwa hofu kubwa kama hiyo.

Je, njia hii tuiache kabisa? Sioni hivyo, kwa sababu watu wataitumia, na bora waijue. Ipo namna mbili za kuipitisha salama.

Ya kwanza ni kuwakilishana. Baba yangu ni wakili wangu kule, wewe ni mwakilishi wa mama yako hapa. Tunapigiana simu, bei tunaitamka, na wakati faranga zinaingia mkononi mwa baba, shilingi zinaingia mkononi mwako au kwenye akaunti yako kabla hatujakata. Majmaa ilipokutana Jeddah mwaka 1990 ilikubali kwamba pesa kuingizwa katika akaunti ni kukabidhiwa, na leo simu inaingiza kwa sekunde chache. Ikikwama, mnasimama: faranga zinarudi kwa mama, mnaanza upya kesho kwa bei ya kesho.

Ya pili ni ya mtu ambaye mama yake hana kitu leo kwa sababu ya mbalamwezi. Nakukopesha shilingi 240,000, mkopo mwema bila nyongeza. Deni ni shilingi 240,000, wala hatulitaji kwa faranga. Siku mama akipata, tunaulizana bei ya siku hiyo, na analipa kwa faranga kwa bei hiyo, zote, bila kubakiza. Msingi wake ni hadithi ya Ibn Umar (r.a.), aliyekuwa akiuza ngamia kwa dinari na kupokea dirhamu, akaambiwa hapana ubaya ikiwa ni kwa bei ya siku hiyo na msiachane kukiwa na kitu kilichobaki baina yenu. Wapo wanahadithi wanaosema isnadi yake inaishia kwa Ibn Umar mwenyewe, lakini mafakihi wengi wameifanyia kazi, na Majmaa iliipitisha Brunei mwaka 1993 kwa sharti kwamba makubaliano ya kulipa kwa fedha nyingine yafanyike siku ya kulipa, si siku ya kukopa. Hapa hasara ya kushuka faranga inajulikana ni ya nani: ni ya mwenye deni. Mama anajua hivyo tangu mwanzo, na anaweza kuharakisha au kukataa.

Neno moja kwa anayetaka kuigeuza kazi, abadilishe kwa ndugu ishirini na kuchukua chake juu ya kila laki. Huyo ameshafungua ofisi ya kubadilisha fedha bila leseni, na nchi zote mbili zinakataza. Suratul-Maida inaanza kwa kuwaamrisha walioamini watimize ahadi, na kibali cha ukaazi ulichosaini ni ahadi. Wanaosema "sheria za kidunia hazitufungi" huwa nawauliza kama pasipoti yao waliitupa mpakani. Ada ya benki au ya wakala wa simu ni jambo jingine. Hiyo ni ujira wa kazi, si riba, hata ikikukera. Na ikiwa benki inabadilisha na kutuma kwa pamoja, azimio la Abu Dhabi la mwaka 1995 linataka ubadilishaji ukamilike na uandikwe kwanza, ndipo pesa itumwe. Ombeni risiti yenye kiasi cha fedha zote mbili. Wanayo, ila hawaitoi wasipoombwa.

Mwenye kufungua akaunti achague isiyo na riba. Tangu 2011 Tanzania ina Amana Bank inayoendeshwa yote kwa misingi ya Kiislamu, na benki kadhaa nyingine zina dirisha la Kiislamu. (Jina zuri, lakini msikosee: pesa ya akaunti ya kawaida benki inaitumia na inawajibika kuirudisha, kwa hiyo kifiqhi ni mkopo, kama alivyosema Zubayr.)

Limebaki la kuandika. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqara, inahusu kuandika deni. Tunaisoma kila Ramadhani, kisha tunakopeshana kwa ujumbe wa sauti unaofutika baada ya wiki. Kwa wanafunzi wa ziwani na wengine wote wanaotoka nje ya nchi nimeandaa karatasi fupi ya mistari mitano: tarehe; kiasi na ni fedha gani; nani katoa na nani kapokea, kule na hapa; ni amana, mkopo au kubadilishana; na ikipotea ni ya nani. Chini kuna nafasi ya mashahidi wawili. Imamu ameipitia na kuirekebisha sehemu mbili. Nakala zimebandikwa kwenye ubao wa msikiti, upande wa kaka na upande wa dada, na mwenye kutaka ya Kirundi kwa ajili ya wazazi anione siku yoyote baada ya Alasiri.